Ruhusa Imekataliwa: Kusoma Makatazo ya Faili za Mfumo katika Simu za Android

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini simu ya Android hukataa kubadilishwa faili zake za mfumo, hata pale anayeomba mabadiliko hayo amekwisha kupata mamlaka ya mtumiaji mkuu. Hoja kuu ni kwamba makatazo hayo hayatokani na kufuli moja, bali na tabaka kadhaa za ulinzi zilizoongezwa kwa nyakati tofauti, na kila tabaka lina jibu lake lenye maana mahususi. Anayeyachukulia majibu yote kuwa neno moja tu, "imekataa", hujikuta akibomoa tabaka lisilohusika, na mara nyingi anayelipa gharama ni mwenye simu. Makala inaeleza makatazo manne ya msingi, inachambua kisa cha programu hasidi iliyojulikana kwa jina la xHelper, kisha inapendekeza utaratibu wa uchunguzi unaoweza kufuatwa na kufundishwa kwa Kiswahili.

Istilahi za msingi: Android, faili za mfumo, mtumiaji mkuu, kizigeu, sera ya usalama

1.0 Utangulizi

Katika Afrika Mashariki na ya Kati, simu ya mkononi imekuwa pochi, daftari la biashara na sanduku la picha za familia. Tangu M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwaka 2007 na huduma ya pesa ya MTN nchini Uganda mwaka 2009, kupoteza kilichomo ndani ya simu si usumbufu tu. Kunaweza kuwa hasara ya mtaji. Simu nyingi zinazobeba dhamana hiyo hutumia mfumo endeshi wa Android, na zinapoharibika hufikishwa kwa fundi simu kabla ya kufikishwa kwingine kokote.

Kwa mtumiaji wa kawaida, Android imekwisha kujifunza Kiswahili. Mipangilio, ruhusa, hifadhi, hata utatuzi wa USB, vyote huonekana kwa Kiswahili kwenye kioo. Lakini mara fundi anapoingia nyuma ya pazia na kufungua dirisha la amri ili aguse faili za mfumo, majibu hurudi kwa Kiingereza cha mkato, kwa kuwa hutolewa na zana za chini ambazo hazijatafsiriwa. Hapo ndipo lugha inapomwacha fundi, na hapo ndipo makosa yenye gharama kubwa hutendeka. Makala hii inalenga kuziba sehemu ya pengo hilo.

2.0 Mtumiaji mkuu na mipaka yake

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na Linux ilirithi mpangilio wake wa watumiaji kutoka Unix, mfumo ulioanza kuundwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Katika mpangilio huo kila mtumiaji hutambuliwa kwa namba. Mwenye namba 0 ndiye mtumiaji mkuu, ambaye mafundi humwita "ruti", na kitendo cha kujipatia mamlaka yake huitwa "kuruti simu". Tafsiri ya neno kwa neno, yaani "mzizi", haisaidii, kwa kuwa humfanya msomaji adhani kwamba kuna kitu kinachochimbwa au kung'olewa ndani ya simu. Kinachopatikana ni cheo tu, wala si kitu.

Android iliutumia urithi huo kwa namna yake. Katika kompyuta ya kawaida namba hutolewa kwa watu. Katika Android namba hutolewa kwa programu. Kila programu inayosakinishwa hupewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na folda ya data zake humilikiwa na namba hiyo pekee. Ndiyo sababu mchezo wa watoto hauwezi kusoma hifadhi ya programu ya benki, ijapokuwa zote mbili zimo katika simu moja.

Hadi miaka michache ya mwanzo ya Android, aliyepata namba 0 alikuwa amepata karibu kila kitu. Imani hiyo bado inaishi vichwani mwa wengi, ilhali mfumo wenyewe umebadilika. Katika Android ya leo, namba 0 ni ruhusa mojawapo kati ya kadhaa zinazohitajika. Matatizo mengi yanayoelezwa kwamba "simu imerutiwa lakini bado inakataa" hutokana na kutolifahamu badiliko hili.

3.0 Makatazo manne na maana zake

Kiini cha Linux kinapokataa ombi, hurudisha namba ya kosa, na zana za amri huigeuza namba hiyo kuwa sentensi fupi. Namba nne ndizo hukutana zaidi na anayegusa faili za mfumo.

3.1 Ruhusa imekataliwa (kosa namba 13)

Katazo hili lina vyanzo viwili vinavyofanana kwa sura. Chanzo cha kwanza ni umiliki: faili ni ya mtumiaji mwingine na aliyeomba hana haki ya kusoma au kuandika. Chanzo cha pili ni sera ya usalama iitwayo SELinux. Sera hii ilitolewa hadharani na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2000, ikaingizwa katika Android 4.3 mwaka 2013 kwa hali ya kuangalia tu bila kuzuia, na kufikia Android 5.0 mwaka 2014 ikawa inazuia katika mfumo mzima.

SELinux haijali namba ya mtumiaji. Kila mchakato na kila faili hubandikwa lebo, na sera hueleza lebo ipi yaweza kutenda nini juu ya lebo ipi. Mwenye namba 0 aliye chini ya lebo isiyoruhusiwa hunyimwa kama mwingine yeyote. Kutokana na hilo fundi hupata kipimo rahisi: aandike amri ya *id*. Jibu likionyesha namba isiyo 0, basi hajapata umkuu na tatizo li katika hatua ya kuruti. Jibu likionyesha 0 na bado kosa namba 13 linarudi, basi kwa kawaida umiliki si kikwazo tena. Kinachozuia ni sera, na kumbukumbu za mfumo zitaonyesha lebo ya aliyeomba na lebo ya kilichoombwa.

Dawa inayopendwa na wenye haraka ni kuizima sera yote kwa amri moja. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini humwondolea ulinzi huo kila mchakato ndani ya simu ili faili moja ipite. Aghalabu kinachotakiwa ni kuirudishia faili lebo yake sahihi.

Ifahamike pia kwamba si kila ruhusa iliyokataliwa inahusu faili za mfumo. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu za kupanga faili huzuiwa kuona folda za data za programu nyingine hata katika hifadhi ya kawaida. Wapo wanaoruti simu kwa sababu ya folda hizo tu, ilhali nakala iliyotolewa na programu yenyewe ingetosha.

3.2 Mfumo wa faili ni wa kusoma tu (kosa namba 30)

Hifadhi ya ndani ya simu hugawanywa katika vizigeu, na kila kizigeu hupachikwa kwa masharti yake. Kile chenye mfumo hupachikwa kwa kusoma tu. Hapa hakuna swali la nani anayeomba. Ni sawa na kutaka kuandika juu ya kioo cha dirisha kwa penseli.

Zamani amri moja ya kukipachika upya kwa kuandika ilitosha. Katika simu nyingi mpya amri hiyo hushindwa kwa sababu tatu tofauti. Kwanza, kizigeu hulindwa na uhakiki wa vipande, utakaoelezwa katika sehemu ya 4.0. Pili, mtengenezaji anaweza kuwa ameubana mfumo wa faili kwa kuziunganisha sehemu zinazofanana, hivyo kuandika sehemu moja kungeharibu faili nyingine inayoitumia sehemu hiyohiyo. Tatu, mfumo wa faili wenyewe unaweza kuwa haukuumbwa kuandikwa kabisa. Mfano ni EROFS, uliobuniwa katika kampuni ya Huawei na kuingizwa katika kiini cha Linux. Kwa sadfa, herufi za jina hilo ndizo zilezile zinazotambulisha kosa namba 30. Penye mfumo wa namna hii hakuna amri itakayofungua mlango, kwa kuwa mlango haukujengwa.

3.3 Tendo haliruhusiwi (kosa namba 1)

Katazo hili huchanganywa na lile la 3.1, ilhali hubeba habari nyingine. Faili inaweza kuwa ya mtumiaji mkuu, kizigeu kikawa kimepachikwa kwa kuandika, na bado kufuta kukashindikana, kwa sababu faili imewekewa sifa ya kutobadilika. Sifa hii haionekani katika orodha ya kawaida ya haki. Huonekana kwa amri ya *lsattr* na huondolewa kwa *chattr*. Faili ya mfumo yenye sifa hii ambayo haikuwekwa na mwenye simu ni ishara ya kutiliwa shaka, kama kisa cha sehemu ya 5.0 kinavyoonyesha.

3.4 Hakuna nafasi iliyobaki (kosa namba 28)

Mwenye simu huona gigabaiti nyingi zikiwa tupu, kisha huambiwa kwamba nafasi imekwisha. Hakuna mgongano wowote hapo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, vizigeu vya mfumo katika simu mpya hukatwa kutoka kizigeu kimoja kikubwa kiitwacho *super*, kila kimoja kikipewa ukubwa unaokaribia kabisa ule wa faili zake. Nafasi tupu inayoonekana kwenye kioo ni ya kizigeu cha data. Cha mfumo kimejaa tangu kiwandani. Kufuta picha na video za mteja hakutaongeza hata baiti moja mahali panapohitajika.

4.0 Katazo linalochelewa: simu kukwama kwenye nembo

Makatazo yaliyotangulia hutamkwa papo hapo. Yapo mengine ambayo hunyamaza wakati wa kuandika, kisha hujitokeza simu inapowashwa tena: nembo ya mtengenezaji huonekana, hutoweka, ikarudi bila mwisho.

Sababu ya kwanza ni uhakiki wa uwashaji. Programu ndogo inayotangulia kuamka, yaani kipakizi, ambacho mafundi hukiita butiloda, hukagua sahihi ya kidijitali ya kinachofuata kabla ya kukikabidhi kazi. Kizigeu cha mfumo nacho hukaguliwa kipande kwa kipande, kwa kawaida vipande vya baiti 4096, kila kimoja kikilinganishwa na alama yake ya uhakiki iliyohesabiwa kiwandani. Ulinzi huu ulianza katika Android 4.4 na ukawa wa lazima na mkali katika Android 7.0 ya mwaka 2016. Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba katika mfumo wa faili wa ext4, hata kupachika kwa kuandika bila kugusa faili yoyote hubadilisha kumbukumbu za kizigeu chenyewe. Badiliko hilo dogo latosha kuvuruga uhakiki.

Sababu ya pili ni faili iliyowekwa mahali pake sahihi ikiwa na haki zisizo sahihi. Faili za kawaida za mfumo kwa jumla humilikiwa na mtumiaji mkuu na huwa na haki za 0644, na folda huwa na 0755. Faili iliyonakiliwa kutoka hifadhi ya kawaida huweza kufika na umiliki, haki na lebo za kule ilikotoka, na sehemu ya mfumo inayoitegemea ikashindwa kuisoma wakati wa kuwaka.

Sababu ya tatu huwahusu wanaotumia Magisk, zana iliyotolewa na John Wu mwaka 2016. Zana hii hukwepa kugusa kizigeu cha mfumo. Hurekebisha taswira ya uwashaji, kisha hufunika faili za asili kwa faili mbadala wakati simu inapofanya kazi. Ni njia nadhifu zaidi, ila ina sharti: taswira inayorekebishwa lazima itoke katika toleo lilelile la programudhibiti lililomo ndani ya simu. Taswira ya toleo jingine, hata la simu ya jina hilohilo, ni chanzo cha kawaida cha kukwama. Ikiwa kikwazo ni moduli iliyoongezwa, kuiwasha simu katika hali salama huzizima moduli zote za Magisk bila kufuta data.

5.0 Kisa cha xHelper

Mwaka 2019 watafiti wa usalama waliripoti programu hasidi ya Android iliyokuwa ikirudi kila ilipoondolewa. Mnamo Oktoba mwaka huo kampuni ya Symantec ilikadiria kwamba ilikuwa imeingia katika simu zipatazo 45,000. Wenye simu walieleza kwamba hata baada ya kuformati, xHelper ilijitokeza tena.

Maelezo ya kina yalitolewa na kampuni ya Kaspersky mwaka 2020, na ndani yake karibu tabaka zote zilizojadiliwa hapo juu zinaonekana, ila zikitumiwa na adui. Programu hiyo iliingiza kirusi kiitwacho Triada, ambacho kilitumia udhaifu wa simu, hasa zenye Android 6 na 7, kujipatia umkuu. Kilikipachika kizigeu cha mfumo kwa kuandika na kuweka humo faili zake. Kisha kiliziwekea faili hizo sifa ya kutobadilika, ili hata mtumiaji mkuu anapojaribu kuzifuta apate katazo la 3.3. Hatimaye kilibadilisha maktaba ya mfumo iitwayo *libc.so*, mahali penye kazi ya kupachika, ili mwenye simu asiweze tena kukipachika kizigeu hicho kwa kuandika. Aliyeingia kwa dirisha alilipigilia misumari nyuma yake.

Kisa hiki kinafundisha mambo matatu. La kwanza, kuformati hufuta kizigeu cha data, si cha mfumo. Ahadi ya fundi kwamba "tukiformati itaisha" ina ukweli kwa matatizo ya upande mmoja tu. La pili, katazo lilelile laweza kuwa ulinzi wa mtengenezaji au kizuizi cha mvamizi, na tofauti hujulikana kwa kuuliza ni tabaka gani linalosema. La tatu, dawa ya uhakika haikuwa kupambana na faili moja moja, bali kuiflashi simu upya kwa programudhibiti kamili na safi ya simu hiyo. Hata hapo tahadhari ilitolewa: baadhi ya programudhibiti zenyewe zilikuwa na kirusi ndani yake, hivyo chanzo cha kuaminika ni sehemu ya tiba.

6.0 Gharama ya kufungua

Ili kurekebisha taswira ya uwashaji, kwa kawaida kipakizi hufunguliwa kwanza. Katika simu nyingi kitendo hicho hufuta data yote ya mtumiaji, na si kwa bahati mbaya: kimekusudiwa ili mwizi asiweze kufungua simu na kusoma kilichomo. Kwa hiyo mteja aliyekuja akiomba picha zake ziokolewe hawezi kusaidiwa kwa njia inayoanza kwa kuzifuta. Fundi asiyetamka jambo hili mapema amemnyima mteja haki ya kuchagua.

Gharama nyingine hufuata baadaye. Programu nyingi za benki na malipo huuliza hali ya simu kupitia huduma ya Google iitwayo Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, na huweza kukataa kufanya kazi penye kipakizi kilichofunguliwa. Huduma za pesa zinazopita kwenye menyu ya laini huendelea, kwa kuwa hazitegemei programu ya Android. Katika simu za Samsung zenye Knox, kuwasha mfumo usio rasmi hukata fyuzi ya kielektroniki ambayo haiungiki tena, hata mfumo wa asili ukirudishwa. Masasisho rasmi nayo hushindwa pale kizigeu kinachotakiwa kusasishwa kinapokutwa kimebadilika. Vilevile si kila simu huweza kufunguliwa. Huawei, kwa mfano, iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018.

7.0 Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na maelezo haya, uchunguzi unaweza kufuata mpangilio wa maswali sita, kila moja likijibiwa kabla ya kulifikia linalofuata:

(i) Je, data ya mteja imenakiliwa mahali pengine? Ikiwa haijanakiliwa, na simu bado inawaka, kazi ya kwanza ni hiyo.

(ii) Je, tatizo linahitaji kweli kugusa faili za mfumo, au ni ruhusa ya programu au folda iliyozuiwa?

(iii) Je, simu ni toleo gani la Android, programudhibiti gani, na kipakizi kimefungwa au kimefunguliwa?

(iv) Je, amri ya *id* inaonyesha 0? Ikiwa siyo, makosa mengine yote yasubiri.

(v) Je, katazo lina maneno gani hasa? Yanakiliwe kama yalivyo, kisha yalinganishwe: umiliki au sera, kizigeu cha kusoma tu, sifa ya kutobadilika, au kukosekana kwa nafasi.

(vi) Je, njia ya kurudi ipo? Nakala ya taswira ya uwashaji na programudhibiti kamili ya simu hiyo viwe mkononi kabla ya badiliko la kwanza.

Mpangilio huu unaweka mbele vitendo visivyoharibu chochote. Kusoma *id*, orodha ya vizigeu vilivyopachikwa na lebo za faili hakubadilishi kitu. Kuzima sera, kufungua kipakizi na kuflashi hubadilisha mengi.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ulinzi wa faili za mfumo katika Android ni wa tabaka, na kwamba mtumiaji mkuu ni mwenye mamlaka ndani ya tabaka moja tu. Umiliki, sera, kizigeu, sifa za faili na uhakiki wa uwashaji kila kimoja hukataa kwa njia yake, na tiba ya kimoja haiponyi kingine. Kisa cha xHelper kimethibitisha kwamba maarifa haya si ya wenye kupenda kuchezea simu pekee. Yanamhusu kila anayetaka kujua kama simu inayobeba pesa zake bado ni yake.

Upo wajibu wa kilugha pia. Maneno yaliyotumiwa hapa, kama vile mtumiaji mkuu, kizigeu, kupachika, lebo, sera na kipakizi, yapo tayari katika Kiswahili au yanaundika kwa urahisi. Vyuo vya ufundi na walimu wa Kiswahili wakiyakubali na kuyaingiza katika miongozo ya kufundishia, fundi wa Kampala, Bujumbura au Kigoma ataweza kumweleza mteja wake kilichokataliwa, kilichokataza na kitakachopotea, kabla hajagusa chochote.